Kiraka cha Katani, Chungu cha Muhogo

Beseni la plastiki huanza kupasuka ukingoni, pale mkono unapolishika likiwa limejaa maji. Ufa hushuka polepole, siku baada ya siku, hadi asubuhi moja mama anainua nguo zilizolowa na maji yote yanammwagikia miguuni. Hapo ndipo ninapoletewa kazi. Kwa miaka 19 nimekuwa nikiziba mabeseni, ndoo na mitungi hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Vyombo vyangu ni jiko la makaa, vyuma viwili vyenye mpini wa mbao, na gunia la vipande vya plastiki nilivyovitenga kwa rangi na kwa harufu. Mtungi wa mafuta ya kupikia ukiugusa kwa chuma cha moto hunuka kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Bomba jeupe la maji hutoa moshi mkali unaochoma pua, na huo siukaribii tena. Fundi asiyejua harufu atabandika plastiki za koo mbili tofauti, na kiraka chake kitabanduka kabla mteja hajafika nyumbani.

Kwa muda mrefu nilibandika plastiki juu ya plastiki, basi. Nayeyusha, nabandika, napapasa kwa chuma mpaka pawe laini. Mteja anaondoka ameridhika, na baada ya miezi miwili anarudi: kiraka kipo palepale, lakini ufa mwingine umezaliwa pembeni yake. Mwaka 2016 mama mmoja muuza samaki aliniletea pipa la lita 100. Pipa la ukubwa huo halina huruma, maji yakijaa yanasukuma ukuta kila upande mchana na usiku. Sikuwa na plastiki ya kutosha ya aina yake. Kando yangu palikuwa na kipande cha kamba ya katani niliyofungia mzigo. Nikaifumua, nikazilaza nyuzi zikikatiza ufa kama mtu anayeshona jeraha, kisha nikazizamisha ndani ya plastiki iliyoyeyuka. Pipa lile liko kazini mpaka leo.

Tangu siku hiyo nimetia katani katika viraka vingi, na makosa yamenifundisha zaidi kuliko mafanikio. Nyuzi zikilala sambamba na ufa hazisaidii kitu, ufa unapita katikati yake kama maji kwenye mfereji. Zikikatiza, ufa unafika kwenye uzi wa kwanza na kusimama. Nyuzi zikikatwa fupi mno zinachomoka kama msumari mfupi kwenye mbao nene. Zikiwa ndefu mno zinajikunja na kufanya viota, na ndani ya kiota plastiki haiingii, panabaki upenyo wa hewa. Chuma kikipata moto kupita kiasi katani hugeuka rangi ya chai na kunuka kama majani makavu yanayoungua. Ukishasikia harufu hiyo, kiraka umekwisha kukiharibu hata kama kwa macho kinapendeza.

Nilipomweleza mama yangu kijijini Nyakach hakushangaa hata kidogo. Alinionyesha ukuta wa jiko lake.

“Umekandika, mwanangu,” akasema. “Udongo mtupu ukikauka unapasuka. Ukiutia nyasi unashikana. Kwani ulidhani tulikuwa tunakanyaga nyasi kwenye udongo kwa urembo?”

Bintiyangu ndiye aliyenipa jina la jambo lenyewe. Anasoma chuo huko Nakuru, somo la vifaa na jinsi vinavyotengenezwa, na likizo zake hukaa nami kibandani. Aliniambia kitu cha namna hii huitwa kompositi: vitu viwili vyenye tabia tofauti vinawekwa pamoja, kila kimoja kikibaki na umbile lake, na vikafanya kazi ambayo kimoja peke yake kisingeiweza. Mimi naona ni kama nyama na kano. Plastiki ni nyama, inakipa chombo umbo na kuzuia maji. Nyuzi ni kano, zinabeba mzigo. Lakini kano isiyoshikwa na nyama haivuti kitu, na hilo ndilo neno ninalotaka msomaji alishike: kazi yote iko pale uzi unapogusana na plastiki. Watu husifu nguvu ya uzi, au husifu plastiki mpya kwamba inaoza, na mahali pa mguso hawapatazami.

Kwa nguvu peke yake, katani haina deni kwa mtu. Uzi mzuri hustahimili mvutano wa takriban megapaskali 400 hadi 700. (Megapaskali 1 ni kama kuning’iniza kilo 10 kwenye eneo la sentimita mraba 1.) Plastiki ambayo wasomi wanaitaja zaidi siku hizi kuwa inaoza, PLA, hustahimili kama 50 hadi 70. Tena katani ni nyepesi. Sentimita ya ujazo 1 ina uzito wa gramu 1.4 au 1.5, wakati nyuzi za kioo, zile za matangi na mashua, zina gramu 2.5. Na mmea wenyewe, mkonge, tunao. Agave sisalana ulitoka Mexico, na Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza Tanganyika mwaka 1893. Leo ukitoka Nakuru kwenda Baringo unapita mashamba yake pale Mogotio, safu kwa safu. Huku kwetu tunaupanda mpakani mwa shamba, tunausahau, tunaukumbuka ng’ombe akikosa kamba.

Udhaifu wake ni joto. Ikipita nyuzijoto 200 hivi, katani huanza kuharibika. Mitungi mingi huyeyuka karibu na 130, mabeseni mengi karibu na 160, kwa hiyo kazi yangu iko salama nikiwa mwangalifu. Chupa ya soda huyeyuka karibu na 250, ndiyo maana kila nilipojaribu kutia katani humo nilipata majivu. PLA huyeyuka kati ya 150 na 180. Bintiyangu alipoitaja namba hiyo niliacha chuma changu chini. Plastiki inayotokana na sukari, inayosemekana inaoza, na inayoyeyuka kabla katani haijaungua! Nilitaka kuishika siku hiyohiyo.

Lakini sikuanza na PLA. Nilianza na aibu.

Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa siku ya mapumziko nchi nzima, serikali iliitoa ili watu wapande miti. Mama watoto ana kitalu cha miche Nyamasaria, kando ya barabara ya Ahero, na wiki ile aliuza kuliko wiki yoyote ninayoikumbuka. Siku yenyewe tulikwenda pamoja na kikundi cha jirani kupanda kando ya mto. Watu walifanya kazi kwa moyo. Jioni tulipokuwa tukiondoka niligeuka nyuma. Ukingo mzima wa mto ulikuwa mweusi kwa mifuko ya miche iliyochanwa, mingine imekwisha kuingia majini, na mingi kati yake niliijua, tuliijaza udongo sisi wenyewe. Mche mmoja, mfuko mmoja. Lengo lililotangazwa mwaka 2022 ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Nilipiga hesabu hiyo njiani nikanyamaza hadi nyumbani. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na mwenye kuvunja sheria alielezwa faini ya hadi shilingi milioni 4. Tulizoea, tukabeba vikapu. Kisha tunapanda mti ndani ya plastiki.

Mama watoto aliguswa kama mimi. Msimu uliofuata alinunua kwa mchuuzi mifuko aliyoambiwa inaoza yenyewe, akaongeza pesa juu yake. Baada ya miezi michache juani mifuko ilivunjika vipande, vipande vikawa vipande vidogo zaidi, na sasa ukichota udongo wa kitalu kile unaona chembe nyeusi kila mahali, huwezi kuziokota. Bintiyangu alituambia ndiyo tabia ya plastiki ya kawaida iliyotiwa chumvi za madini ili ichakae kwa jua na hewa. Inasambaratika, haiozi, na wadudu wa udongo hawaili. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Julai 2021. Sisi tulikuwa tumelipa zaidi ili tuipate. Bado jambo hilo linaniuma, maana mama watoto aliitoa pesa ile kwa nia njema kabisa.

Nikaamua nitengeneze chungu cha mche mwenyewe.

Muhogo una wanga, na wanga ukipikwa na maji na gliserini unakuwa kitu kinachokaribia plastiki. Gliserini ni ileile tunayopaka watoto miguu wakati wa baridi. Nilikuna muhogo, nikakamua, nikaacha maji yatulie hadi wanga mweupe ukazama chini. Kwa kila gramu 100 za wanga mkavu nilitia gliserini gramu 30 na maji kikombe kimoja na nusu, nikakoroga motoni hadi weupe ukapotea na mchanganyiko ukawa kama gundi inayoangaza. Bila gliserini, ukikauka unavunjika kama kaimati ya jana. Ikizidi, chungu kinabaki kinanata na kulegea. Nilikandika gundi hiyo ndani ya kikombe kikubwa nilichokipaka mafuta, nikaacha juani siku 3.

Vyungu vya wanga mtupu vilipasuka vyote vikikauka, kama mama alivyosema kuhusu udongo. Nilipotia katani gramu 20, iliyokatwa kwa urefu wa pingili ya kidole, hakikupasuka hata kimoja. Nilikitoboa chungu kimoja ukingoni, nikakining’iniza, nikatia tofali ndani. Kilibeba. Nikaongeza la pili, kikabeba. Nilikivunja kwa makusudi nikachungulia palipokatika. Nyuzi zilikuwa zimekatika palepale ukingoni mwa ufa, fupi, zimechanuka ncha. Maana yake wanga ulizishika mpaka mwisho, hazikuchomoka, zilikatika zikiwa kazini. Nilimwita mama watoto aje aone. Kwa fundi wa viraka hiyo ndiyo furaha yenyewe.

Kisha ikaja mvua ya Aprili. Vyungu 60 vya kwanza tulivipanga chini ya mwembe vikiwa na miche ya siala. Usiku mmoja tu vikalainika. Siku ya pili ukungu wa kijani ukaota ukutani mwake. Siku ya tano vilikuwa vimekaa chini kama uji, katani imebaki imezunguka udongo kama kiota cha ndege. Tuliokoa miche kwa mikono, mmoja mmoja, tukiirudisha kwenye mifuko ileile myeusi tuliyoikimbia.

Usiku ule bintiyangu alinifafanulia kwa simu, na nadhani hapo ndipo nilipoelewa kazi yenyewe.

“Baba, katani inapenda maji,” alisema. “Wanga nao unapenda maji. Ndiyo maana vinapendana. Kinachovishikanisha ndicho kinachokaribisha mvua.”

“Na hiyo PLA yako?”

“PLA haipendi maji. Itastahimili mvua. Lakini katani haitaishika vizuri.”

Nililala nikiwaza. Rafiki wa uzi ni adui wa mvua, na anayestahimili mvua hamtaki uzi. Tangu hapo, kila jaribio langu limekuwa ni kutafuta njia ya kupita kati ya hao wawili.

Likizo iliyofuata alikuja na mabaki ya uzi wa PLA unaotumika kwenye printa ya 3D ya chuoni, mfuko mzima wa vipande vilivyokuwa vitupwe. Tuliyeyusha kwa chuma changu cha siku zote, tukabana katani katikati kati ya mabati mawili. Jaribio la kwanza lilitoka limejaa mapovu kama chapati. Katani ambayo kwa mkono unaihisi imekauka, bado ina unyevu ndani, na mvuke ule unatafuta pa kutokea. Tena maji na joto huikata PLA yenyewe ndani kwa ndani, minyororo yake mirefu inakuwa mifupi, inabaki kitu dhaifu. Sasa tunaikausha katani kwenye sufuria kavu juu ya makaa hafifu kwa saa kadhaa, tukiigeuza, na inatoka sufuriani moja kwa moja hadi kwenye plastiki.

Mapovu yaliisha, lakini tulipovunja ubao ule mdogo tuliona jambo nililolijua tangu enzi za viraka vibaya: matundu matupu upande mmoja, na upande wa pili nyuzi ndefu zimechomoza safi, hazina hata alama ya plastiki. Zilichomoka kama upanga kwenye ala. Uzi wenye nguvu ya megapaskali mia kadhaa haukupata hata nafasi ya kuitumia.

Dawa yake ni ya zamani kuliko plastiki. Mwingereza John Mercer aligundua mwaka 1844 kwamba pamba ikizamishwa kwenye kostiki soda hubadilika, na akasajili haki ya uvumbuzi huo mwaka 1850. Katani nayo ni selulosi, kile kitu kinachojenga nyuzi za mimea, kama pamba, ila imefunikwa na nta, hemiselulosi na lignini, vitu vinavyoufanya uzi uwe laini na uteleze. Kostiki soda huondoa gamba hilo, uzi mnene unachanuka kuwa nyuzi nyembamba, na juu yake panakwaruza. Tulitumia gramu 50 kwa lita 1 ya maji, saa 2. Naomba anayesoma hapa asifanye kwa haraka: ni ile soda ya kutengenezea sabuni, inakula ngozi na inapofusha macho. Vaa glavu za mpira, funika macho, tia soda ndani ya maji na si maji juu ya soda, wala usitumie sufuria ya alumini. Weka watoto mbali. Baadaye suuza mara nyingi mpaka vidole visitelezane, na suuza la mwisho liwe na siki kidogo. Ukizidisha soda au muda, selulosi yenyewe inaumia na uzi unakatika mkononi. Hilo lilitupata, tukatupa kilo nzima.

Katani iliyooshwa hivyo ilishikana na PLA vizuri zaidi, si kama na wanga, lakini tulipovunja tuliona nyuzi zimekatika nyingi na zilizochomoka chache, nazo zina vipande vya plastiki vimeng’ang’ania. Viwandani huongeza kiunganishi, kemikali yenye mikono miwili, mmoja unashika uzi na wa pili unashika plastiki. Sisi hatuna. Tunayo soda, jua na subira.

Nilikuwa karibu kusema tumefika. Lakini nilikuwa nimefukia kijiko cha PLA kitaluni, kando ya kipande cha chungu cha wanga, na nikaweka kijiti cha alama. Baada ya miezi 8 nilifukua. Chungu cha wanga sikukipata kabisa. Kijiko nilikikuta, nikakipangusa kwa kanzu yangu ya kazi, kingeweza kurudi mezani. PLA inaoza kweli, ila inataka joto la karibu nyuzijoto 60, unyevu na vijidudu, vyote pamoja kwa wiki nyingi, yaani rundo kubwa la mboji linalosimamiwa. Udongo wa tambarare yetu ya Kano haufiki huko hata mwezi wa pili. Chungu cha PLA kando ya mto kingekaa miaka, na mimi ningekuwa nimeuza mifuko ya yule mchuuzi kwa jina jingine. Siku hizi nikisikia mtu anasema bidhaa yake inaoza, namuuliza: inaozea wapi, kwa joto gani, kwa muda gani? Nawasihi nanyi mwulize, hasa ninyi wenye vitalu.

Watu wengi huniuliza kuhusu gugu maji, maana limeziba ghuba ya Winam kwa zaidi ya miaka 30 na kila mtu angependa liwe na faida. Tulijaribu. Zaidi ya sehemu 90 katika 100 za mmea ule ni maji, gunia zima kutoka Dunga likikauka linakuwa kikapu kidogo. Bua lake ni sifongo. Linafaa kusukwa viti, kama mafundi wa huku wanavyofanya vizuri sana, lakini ndani ya chungu linajaza tu, halibebi. Tena hunyonya metali nzito kutoka majini, kwa hiyo lisiguse sahani ya mtu. Pumba za mpunga wa Ahero ni hivyohivyo, zinajaza na kupunguza gharama, na silika iliyomo, madini magumu kama ya mchanga, inakwaruza chombo chochote. Chenye kujaza na chenye kubeba ni vitu viwili. Nyuzi za mgomba ni habari nyingine. Ni laini, zinafanya kazi karibu kama katani, na kila mkungu ukivunwa, shina linaachwa liozee shambani. Nitaziandikia siku yake.

Tulirudi kwa muhogo, safari hii tukiwa na nta. Nta ya nyuki huyeyuka karibu na nyuzijoto 63. Chungu kilichokauka vizuri tunakichovya mara moja, ndani na nje, tunakitoa, tunakining’iniza. Nta haikizuii kuoza, inakichelewesha. Chini tunaacha duara lisilo na nta, upana wa sarafu ya shilingi 20, ili mlango wa kuoza uanzie hapo na mzizi upate pa kutokea. Mvua ya vuli mwaka jana ilivipiga vyungu 40 na vilisimama wiki 11. Mche wa siala ulihitaji 10.

Mchwa ndio hatukuwahesabu. Waliingia usiku kupitia lile duara la chini, wakala wanga, wakala selulosi ya katani, wakaacha ganda la nta limesimama kama chungu kizima. Mama watoto alikishika kikabonyea mkononi mwake. Sasa vyungu vyote vinakaa juu ya vichanja vya mianzi, miguu ya vichanja imesimama kwenye makopo ya oili chafu, nasi tunayalinda makopo hayo yasimwagike. Ni kazi ya ziada. Na bado lipo suala alilolisema yeye siku ya kwanza, na analirudia akiona nakuna muhogo: “Baba watoto, kuna nyumba ambayo leo haijala, nawe unafinyanga chakula?” Sina jibu kamili. Nimekubaliana na akina mama wa sokoni waniuzie vipande vilivyovunjika na vilivyoanza kubadilika rangi, ambavyo hakuna anayevinunua, na nimejiwekea kwamba mwaka ambao muhogo utapanda bei sitafinyanga.

Jumamosi iliyopita bintiyangu alikuwa nyumbani. Tulikwenda wote watatu kando ya mto, mahali palepale pa mifuko myeusi, kuufukua mche mmoja tulioupanda na chungu chake miezi 6 iliyopita. Tulichimba kwa mkono, taratibu, tusije tukaumiza mizizi. Wanga haukuwepo. Nta ilikuwa magamba membamba yanayovunjika ukiyagusa. Mizizi ilikuwa imepita kila upande bila kujizungusha, kama inavyojizungusha ndani ya mfuko. Katikati yake zilibaki nyuzi chache za katani, za rangi ya udongo.

Mama watoto aliniokotea mmoja. Niliukung’uta, nikaushika kwa vidole viwili kila upande, jinsi ninavyojaribu uzi kabla ya kuulaza kwenye kiraka, nikavuta. Ukakatika bila sauti. Tulirudisha udongo, tukaushindilia kwa miguu, tukaenda kuchota maji.